Pua Fupi Haianguki Kontoroli

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mtu mmoja wa Kabezi alipopiga hodi kwangu hapa Rumonge, spana mkononi. "Amahoro, Mama Zaina. Nimekuja kuchukua freni."

Nikamuuliza freni gani, breki za gari ya nani. Akacheka, akadhani namfanyia mchezo. "Za gari yenu! Kesho iko zamu yangu ya kontoroli."

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia unataka kununua gari ya okazioni, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Umemwambia mama yako kwamba aina hiyo kila mwaka inapita kontoroli, ule ukaguzi wa magari wa serikali, kwa hiyo hakuna haja ya kuifungua na kuiangalia. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi kabla yako, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Ule mwaka mbaya wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, ulikuwa bado haujatufikia, na babu yako alikuwa na nywele nyeusi kichwa kizima. Tulikuwa tunanunua ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, hapa na Magara, tunazipeleka Bujumbura, na kila safari tunabembeleza gari ya watu. Tukasema basi, tununue yetu. Zilikuwa zinauzwa mbili. Moja ilikuwa kamioneti ya kijani ya mwalimu mmoja. Ilikuwa imeanguka kontoroli mara mbili, na mwenyewe hakuficha, alituonyesha kila alichobadilisha. Ya pili ilikuwa ya aina tuliyoiita Pua Fupi. Pwani yote hii mpaka Kabezi zilikuwapo Pua Fupi tano, na hakuna hata moja iliyowahi kuanguka. Hata moja!

Muzee Kasongo, makanika wa mtaa wetu, alinijua tangu naota meno. Aliniambia, "Binti yangu, chukua ile ya mwalimu. Iko naumwa, lakini ugonjwa wake tunaujua."

Nikamjibu mbele ya watu, "Muzee, mimi sinunui mgonjwa."

Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na ulimi wa kutosha watu watatu. Babu yako naye alitaka ile ya kijani, lakini nilimchosha kwa maneno mpaka akakubali. Wiki nzima nikawa napita sokoni nikiwaambia wamama wa ndagala: Pua Fupi haianguki.

Sasa huyo wa Kabezi alipoona kweli sijui, akanieleza bila aibu, kama anayeeleza zamu ya kuteka maji. Wenye Pua Fupi zote tano walikuwa na seti moja tu ya garinitiri nzuri, vile vipande vya freni vinavyobana gurudumu lisimame. Gari ikienda kontoroli, inavaa hivyo. Ikitoka na karatasi yake, inavivua, inarudishiwa vyake vilivyolika. Aliyetuuzia alikuwa ametoka kontoroli hivi juzi tu, vile vizuri bado vimo kwenye gari yetu, na vya zamani vya gari yetu viko hapa, kwenye gunia. "Tunasaidiana," akasema. "Zamu yako ikifika nawe utavaa."

Yaani miaka yote ile, kilichopita kontoroli pwani nzima ni freni za gari moja.

Na mimi nikafanya nini? Nikamruhusu. Babu yako alikuwa Gatete kwa wavuvi. Nikakaa kizingitini, mama yako mgongoni, nikamwangalia yule mtu anafungua magurudumu na kuweka vipande vyembamba kama sabuni ya siku ya mwisho. Nilijua nikikataa, nitalazimika kueleza kwa nini, na soko lote litajua nilichonunua, na Muzee Kasongo atacheka. Babu yako aliporudi nikamwekea chakula. Ya freni nikayaficha.

Kesho yake wamama saba wakapanda juu ya magunia ya ndagala. Mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi, anakwenda kumwona dada yake Bujumbura. Babu yako akawasha gari, akachungulia dirishani. "Mama Zaina, leo hauimbi? Kila siku Pua Fupi, Pua Fupi, leo umemeza nini?"

Nikajifanya namfunga mtoto vizuri mgongoni. Njia ile ya Bujumbura unaijua, kuna mahali inateremka na ziwa liko pale pale chini. Gari ikaanza kwenda. Mama akanipungia mkono.

Ndipo nikakimbia. Nikakata kupitia kwa jirani, nikatokea mbele, nikasimama katikati ya njia nimenyoosha mikono. Mjinga mimi! Mbele ya gari ninayojua haina freni, na mtoto mgongoni! Nilimwona babu yako anakanyaga, anakanyaga tena, macho yakamtoka. Akakata volani upande, gari ikaingia kwenye ua wa matete wa jirani na kulala humo. Ndagala zikamwagika, wamama wakapiga makelele.

"Umerogwa?" mama akauliza.

"Freni zimechukuliwa," nikasema. "Nilijua tangu jana."

Muzee Kasongo akaja. Nikainamisha kichwa, nangoja kicheko. Hakucheka. Alimfungua mtoto mgongoni kwangu, akampa mama, akaniambia polepole: "Binti yangu, mimi ningekucheka siku moja. Siku moja tu, halafu ningetengeneza. Mama yako ungemlia siku ngapi?"

Nikaanza kuokota ndagala zilizomwagika.

Babu yako alifunga upya matete ya ua wa jirani mpaka adhuhuri bila kunitazama. Halafu akaja kukaa karibu yangu, mikono imechanwachanwa na matete. "Umesimama na mutoto mbele ya gari. Usirudie hata siku moja." Akachomoa kibanzi cha tete kiganjani. "Lakini umekimbia." Akachukua mkono wangu mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa siku zile hawakulifanya.

Tuliiweka gari juu ya mawe mpaka tukapata garinitiri zetu wenyewe, na tukakataa kuingia kwenye zamu ile. Mwaka uliofuata ikaanguka kontoroli kwa ajili ya taa. Pua Fupi ya kwanza kuanguka! Nilikwenda sokoni kuwatangazia mwenyewe, nikacheka kabla hawajaanza. Tukaweka taa, ikarudi, ikapita kwa miguu yake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Karatasi ya kontoroli inakuambia gari ilikuwaje siku ile moja. Mwite makanika unayemwamini, afungue magurudumu ukiwa umesimama hapo, umuulize mpaka akuchoke. Mwenye gari akikuambia ilianguka mara mbili na kwa nini, mkalishe, huyo ni mtu wa kuzungumza naye. Na ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama jana ulijisifu, hata kama nimo mimi kati ya watakaokucheka. Nitacheka kidogo, halafu nitakupikia.

Mungu akufikishe kila unakokwenda, mwanangu, na kila utakayempakia umrudishe kwao mzima, anukie ndagala akitaka, lakini mzima. Amina.