Mume Wangu wa Manyoni

Wiki moja kabla binti yangu hajaenda kuanza chuo Dodoma, alitundika gunia la pumba uani akaanza kulipiga mateke. Mimi nilikuwa napepeta mtama. Kuku wakatawanyika, vumbi la pumba likaja moja kwa moja kwenye ungo wangu, nami hasira zangu hazihitaji kuchochewa sana. Nikamwambia aliache gunia la watu, halijamkosea.

"Nafanya mazoezi, mama," akasema. "Wewe si ulikuwepo kwenye semina?"

Nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, kwenye ofisi ya kata, pamoja na kina mama wenzangu na mabinti zetu, tukimsikiliza kijana aliyekuja na trakisuti na filimbi shingoni kutufundisha namna ya kujilinda. Alisema ukivamiwa, tumbukiza vidole machoni. Alisema goti lipande sehemu nyeti. Alisema funguo zibanwe katikati ya vidole, na ukikamatwa mkono uzungushe kuelekea upande wa dole gumba la aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu. Alikuja na rafiki yake wa kufanyia mfano, na yule rafiki alikuwa adui mwenye adabu sana. Alishika pale alipoambiwa ashike, akasubiri, kisha akaanguka. Sisi tukapiga makofi. Kijana akauliza kama kuna swali. Mimi nilikuwa na neno, lakini halikuwa neno la kusema mbele ya semina.

"Nishike mkono," binti akaniambia pale uani. "Nishike kwa nguvu."

Nikaweka ungo chini, nikamshika. Akazungusha upande wa dole gumba. Mkono haukutoka. Akazungusha tena huku amekunja uso, halafu akavuta, mwisho akaanza kucheka kwa hasira.

"Mwalimu alisema dole gumba ndiyo sehemu dhaifu."

"La rafiki yake, sawa," nikamwambia. "Hili langu limekamata majogoo miaka kumi na tano."

Akachomoa mkono nilipomwachia, akaanza kuusugua. Aliniuliza basi mimi ninajua nini cha zaidi, na aliuliza kwa dharau kidogo, dharau ya mtoto anayeondoka nyumbani. Niliona kwamba akienda na mateke yale peke yake, ataenda na imani ambayo mimi nilikuwa nayo siku moja na haikunifaa kitu. Nikamwambia akae, nimweleze habari za mume wangu wa Manyoni.

Akacheka. Habari hizo alikuwa anazijua kama utani tu. Baba yake, nikichelewa kurudi sokoni, huwa anauliza kama nimepitia kwa mwenzake wa Manyoni. Watoto wote wamekulia kwenye utani huo. Mimi ndiye niliyeuacha uwe utani, kwa sababu hivyo ulikuwa mwepesi kuubeba.

Wakati ule nilikuwa nafanya biashara ya kuku. Nilikusanya kwenye vijiji vya huku kwetu Iramba, nikawapakia kwenye matenga, nikapanda nao basi kutoka Kiomboi hadi Singida, na kutoka Singida hadi Manyoni, ambako nilikuwa na mama lishe wawili walionichukulia kila wiki. Zaidi ya hao wawili, Manyoni hapakuwa na mtu anayenijua. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza, saa saba mchana, jua kali, tenga tupu kichwani, narudi stendi kwa njia ya kando ya reli. Pochi nilikuwa nimeivaa shingoni kwa kamba, chini ya kanga.

Mwanaume akaniita kwa nyuma. "Dada, hilo tenga unauza?"

Nikageuka. Mfanyabiashara akiulizwa bei hageuki nusu, anageuka mzima. Mkono wake mmoja ukanikamata kiganja, wa pili ukaingia kwenye kanga na kushika pochi. Alikuwa mtu wa umri wangu, si mkubwa wa mwili, shati safi. Kama angenisalimia ningeitikia vizuri.

Wala msidhani nilikuwa sina maarifa. Shangazi yangu alinifundisha niwe natembea na unga wa pilipili, na siku hiyo nilikuwa nao, umefungwa kwenye pindo la kanga kwa fundo alilonifundisha yeye. Fundo lile linafunguliwa kwa mikono miwili na meno. Mikono yangu, mmoja ulikuwa kwake na mwingine ulikuwa unavutana na kamba ya pochi. Goti nalo nililipandisha. Lakini nilikuwa nimevaa gauni la kitenge lililobana, fundi alilisifia mwenyewe, na goti likaishia ndani ya gauni. Ufunguo niliokuwa nao ulikuwa wa kufuli la banda la kuku, mfupi kama kidole cha mtoto. Nilichoweza ni kumng'ata mkono. Nikang'ata kwelikweli. Hakuachia.

Ndipo nikapiga kelele. "Nisaidieni! Jamani, nisaidieni!"

Yule bwana hakukimbia. Alinivuta karibu, naye akapaza sauti kuliko yangu: "Twende nyumbani! Nimechoka na tabia zako! Twende!"

Watu walikuwepo. Hilo ndilo nililotaka binti yangu alisikie vizuri. Haikuwa porini. Palikuwa na bodaboda wanne kivulini, palikuwa na wanaume wawili wanapakia vitunguu, na bibi mmoja anauza karanga za kuchemsha kwenye beseni. Wote walitutazama. Bodaboda mmoja akasema, "Taratibu basi, kaka, mko barabarani." Mwenzake akacheka. Bibi wa karanga akanihurumia, akanishauri kama mama. "Mwanangu, nenda na mumeo. Mambo ya nyumbani hayamalizwi njiani."

Nikasema si mume wangu. Bibi akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi. Hata yeye labda aliwahi kuyasema.

Kamba ya pochi ikakatika. Nilimwona anageuka kuondoka, hata hakimbii, anatembea kama mume aliyekasirika. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Haikuwa ya pochi. Ilikuwa ya wale watu wa kivulini. Nikaita neno moja tu.

"Mwizi!"

Mpaka leo sijaona kitu chenye mbio kama hicho. Bodaboda wote wanne walisimama pamoja. Wapakiaji waliacha gunia likaanguka. Watu walitoka kwenye vibanda ambavyo sikujua kama vina watu, wanawake, wanaume, mtu na kijiko chake cha wali mkononi. Na pale kando ya reli mawe hayatafutwi, yamepangwa tayari chini ya mataruma. Yule bwana alipiga hatua labda kumi. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, la pili kichwani, akaanguka kwa magoti, na wakamfunika.

Nilifurahi. Nilimwambia binti yangu hilo pia, sikumficha. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu nilifurahi sana. Dakika moja kabla nilikuwa mke mkorofi wa mtu nisiyemjua, sasa nilikuwa na jeshi.

Halafu umati ukaachana kidogo nikamwona uso. Damu ilikuwa imeziba jicho moja. La pili lilikuwa linatafuta mtu, likanipata mimi. Mtu nyuma yangu akasema iletwe petroli, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. Nikageuka nikamwona bodaboda, yule yule aliyekuwa amesema taratibu, anafungua mfuniko wa tenki la pikipiki yake.

Nikaanza kusema mwacheni. Nani anasikia? Nikasema imetosha, pochi nimesamehe, apelekwe polisi. Mwanamke mmoja akanisogeza pembeni kwa upole, akaniambia nisiogope, hawa dawa yao ni hiyo hiyo. Nilivuta mashati ya watu. Nilipiga mgongo wa mtu kwa tenga. Kila nililosema lilikuwa la kweli, na hakuna aliyelitaka. Basi nikachukua uongo wa yule bwana mwenyewe, nikaupigia kelele kwa nguvu zangu zote.

"Ni mume wangu! Mtaniulia mume wangu!"

Mawe yakashuka. Sijui niseme vipi ili mtu aamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mikono iliyokuwa juu ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka. Bodaboda akarudisha mfuniko. Bibi wa karanga akasema, "Si nilisema?"

Hapo wakanigeukia mimi. Mwanaume mmoja mwenye koti aliniuliza kwa ukali ni mwanamke wa namna gani anayemwita mume wake mwizi mchana kweupe. "Tungeua mtu wa bure kwa ajili ya mdomo wako!" Nikaambiwa niombe msamaha. Nikaomba. Nilisimama kwenye vumbi, gauni limechanika pembeni, nikaomba msamaha kwa watu wale, na nikamwomba msamaha mwizi wangu. Kijana mmoja akaokota pochi, akaipangusa vizuri, na akampa yeye. Angempa nani mwingine? Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

"Nendeni mkaongee kwa utaratibu," wakatuambia, na mama mmoja akachukua mkono wake akauweka kwenye mkono wangu.

Tukaondoka tumeshikana mikono, mimi na mwizi, kando ya reli. Nyuma watu walikuwa wanatutazama, ikabidi tutembee kama wanandoa. Alichechemea, akaniegemea. Mkono uliokuwa umenikamata kama kufuli sasa ulikuwa umelegea hata nikalazimika kuubana. Kwenye kiganja chake niliona alama za meno yangu. Nilikuwa najiuliza atasema nini tukifika mbali, atalia au atashukuru, na nakiri nilikuwa nimeshajiandaa kusamehe kwa maneno mazuri.

Tulipofika reli inapopinda, alisimama. Alinitazama, akatazama pochi. Akauachia mkono wangu. Halafu akakimbia nayo, huku akiburuta mguu mmoja.

Bado nilikuwa nawaona watu. Walikuwa karibu vya kutosha, na lile neno lilikuwa mdomoni, zima, lina uzito wake. Mtu anayeburuta mguu asingefika popote. Nilisimama pale nimelibana kwa meno mpaka akapotea nyuma ya mabanda. Kisha nikalimeza, nikaenda stendi, nikamwomba kondakta wa basi la Singida anipandishe bure, nikalia mpaka Singida.

Binti alikuwa ameacha kucheka zamani. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi nifanyeje, mama?" na nilitamani ningekuwa na filimbi kama yule kijana wa trakisuti. Nikamwambia ninachokijua, ambacho ni kidogo. Kama ni simu, kama ni pochi, ampe anayeitaka, tena asimtupie maneno. Mbio ni bora kuliko ngumi, na gauni linalobana asivae safarini. Pilipili akitaka abebe, lakini asifunge kwa fundo la shangazi.

"Na kama hataki simu? Kama ananitaka mimi?"

"Hapo ita mwizi," nikasema. "Usiite nisaidieni. Ita mwizi kwa sauti yako yote, na wakija usimtafutie ndoa."

Nilipolisema nilisikia ubaya wake, na bado silifuti. Ni mtoto wangu. Akawa anachezea kamba ya gunia, na nilidhani tumemaliza, nikachukua ungo wangu. Kumbe alikuwa amebaki kwenye jambo lingine.

"Yule bibi wa karanga," akasema. "Na wale wa kivulini. Kama wangeinuka uliposema nisaidieni, si yasingetokea yote?"

Nikasema yasingetokea.

"Mwalimu hakutufundisha hiyo. Alifundisha anayeshikwa tu." Akanitazama. "Wewe ungekuwa umekaa pale, mama, ungeinuka?"

Ningeweza kusema ndiyo, na angeniamini. Alikuwa anaondoka baada ya siku saba na ningependa aondoke na mama wa namna hiyo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema kweli siku hiyo na kuacha njiani kulinishinda.

Nikamwambia haukupita mwaka tangu Manyoni. Ilikuwa hapa hapa Kiomboi, karibu na mashine ya kusaga, nina kuku kumi na wawili kwenye tenga na basi linapiga honi. Mwanaume alikuwa anamvuta mwanamke mkono. Yule mwanamke alikuwa na kanga ya kijani, kandambili moja imeshamtoka mguuni. Alinitazama mimi, si mtu mwingine, akasema, "Dada, nisaidie." Nikapunguza mwendo. Nikajiambia, mambo ya nyumbani hayo.

"Alikuwa mume wake kweli?" binti akauliza.

"Sijui," nikamjibu. "Sikusimama kuuliza."