Baba mkwe aliyasoma macho yangu, akasema natafuna miraa

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijakitia chumvi, ingawa chumvi yenyewe imo tele.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kibugu, Embu. Kijana mpole, sina makuu.

Nikaanza kukonda. Nakula kama mchimba mitaro, lakini suruali inashuka.

Kibugu ni baridi ya mlima, watu wamevaa sweta mbili, mimi natoka jasho. Mikono inatetemeka hadi maandishi ubaoni hayasomeki.

Halafu macho yakatoka. Watoto wakadhani nimekasirika kutwa, darasa likawa kimya ajabu. Hapo sikulalamika, jamani.

Shingo nayo ikavimba kidogo. Si mimi ndiye nafundisha sayansi darasa la tano? Nikajua hiyo ni goita, ukosefu wa iodini. Nikajiandikia dawa: chumvi ya dukani, ile iliyotiwa iodini, kwa wingi. Kwenye githeri, kwenye uji, mpaka kwenye chai. Moyo ukazidi kwenda mbio, nami nikazidi kuongeza.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Kagwiria, mwalimu wa shule nyingine. Kwao ni Githongo, Meru. Nilimpenda huyo msichana hadi naogopa. Siku ya kwenda kujulikana kwa wazazi wake ikafika.

Mama yake akapakua mukimo. Nikamaliza sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba yake alinitazama tu. Huyo mzee alikuwa ameuza miraa, ile mirungi ya kutafuna, miaka mingi.

Tulipotoka nje hakuzunguka.

"Mwalimu, hii macho naijua. Hiyo mikono naijua, na hii jasho pia. Wewe unatafuna usiku na mchana. Msichana wangu siwezi peana kwa mtu wa miraa."

Wakuu, sijawahi kutafuna hata kijiti kimoja! Nikaapa, akatikisa kichwa. Nilirudi Kibugu nikalia kama mtoto, siwafichi.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Kagwiria. Mama yake alikuwa amemkabili mzee: "Umeuza miraa miaka hiyo yote, uliona wapi mtu wa miraa akimaliza sahani tatu? Miraa inafunga tumbo, mtu hataki chakula. Huyo kijana ni mgonjwa, aende hospitali."

Nikaenda Embu mjini. Daktari alikuwa mama mmoja mcheshi. Akanipima damu, na majibu yalipotoka akaniuliza nakula nini. Nilipotaja chai ya chumvi akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, hii si ya kukosa iodini. Tezi yako ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na wewe unaiongezea kuni. Askari wa mwili wako, hizi antibodies, wamekosea. Wanaisukuma hiyo tezi bila kupumzika."

"Na macho je, daktari?"

"Nyuma ya macho kuna nyama iko na alama kama ya tezi. Hao askari wakiiona wanafikiri ni ile ile, wanaivamia pia."

Siku hizi nasikia kukosea huko wanakuita cross-reactivity. Mimi nilishukuru tu kusikia kwamba shingo na macho ni ugonjwa mmoja.

Nikaacha chumvi ya kujiandikia, nikameza vidonge miezi mingi. Mikono ilitulia kwanza, kisha mwili ukarudi. Macho yalirudi polepole, na bado ni makubwa kidogo.

Nikarudi Githongo na barua ya daktari mfukoni. Mzee hakutaka kuisoma. Alisimama mbele ya ndugu zake akasema, "Mimi nilimhukumu huyu bure. Mama Kagwiria ndiye alimwona vizuri. Leo yeye ndiye aseme kama huyu kijana atapewa msichana."

Mama aliinuka. Aliingia jikoni, akamtoa Kagwiria kwa mkono, akamketisha kando yangu.

Funzo langu ni hili: usijitibu kwa noti za darasa la tano. Ukiona moyo unakimbia, unakula na unakonda, nenda upimwe.

Haya, nani mwingine hapa alijifanya daktari akaumbuka? Leteni, msione haya. Kagwiria yuko hapa kando, anasoma majibu yenu pamoja nami.