Barafu ya Maji Usiyoyajua

Naikumbuka siku moja pale Mtito Andei, mwanangu, kiangazi kimekaza, na wewe uko tumboni mwangu miezi ya mwisho. Nimekuwa nikiikumbuka tangu uliponipigia simu kwamba mmenunua friji inayojitengenezea barafu yenyewe, na kwamba mjukuu wangu, ambaye hata meno hayajajaa mdomoni, anapenda kuinyonya hiyo barafu. Ulicheka. Mimi sikucheka. Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai ya mchungaji naichungulia kabla sijaonja. Lakini sikuzaliwa hivyo, nilifundishwa na susu yako, mama wa baba yako.

Susu yako hakuwa anakunywa maji kwa mtu kabla ya kuuliza yametoka wapi. Unajua kwetu maji hayafanani. Kuna ya kuchimba kwa mchanga wa mto, kuna ya borehole, kile kisima cha kuchimbwa kwa mashine, yenye chumvi, kuna ya bwawa ambalo ng'ombe wanaingia mpaka magoti. Wengine huuliza wakiwa nyumbani kwao, lakini yeye aliuliza hata arusini, mbele ya wakwe, na baba yako alitamani ardhi immeze.

Basi siku hiyo tulikuwa tumetoka Ikutha, mimi na yeye, tunangoja basi la kwenda Voi ambako baba yako alikuwa amepata kazi. Tuliingia hoteli moja ya kando ya barabara, imejaa madereva wa malori. Joto lilikuwa limenimaliza. Na lazima ujue jambo moja: kabla yako nilikuwa nimepoteza mimba. Kwa hivyo susu alikuwa ananilinda kama askari wa benki, na mimi nilikuwa nimechoka kulindwa.

Mwenye hoteli alikuwa na friji kubwa aliyoachiwa na jamaa yake aliyetoka ng'ambo. Tukiwa tumekaa tu, hakuna mtu karibu nayo, ikakoroma ndani, kisha vitu vikaporomoka kama mawe kwa ndoo. Susu akageuza kiti akaiangalia uso kwa uso.

"Hiyo inafanya kazi nani ameituma?" akauliza.

Mwenye hoteli akacheka, akaniletea glasi ya maji yenye barafu hadi juu. Akamwambia susu asiwe na wasiwasi, maji ya kunywa hapo yanachemshwa kila asubuhi. Nilikunywa nusu kabla hajamaliza kusema. Wacha nikwambie, sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo.

"Na hii barafu?" susu akauliza. "Inachemshwa pia?"

"Barafu haichemshwi, mama. Friji inavuta maji yenyewe. Kuna mrija unatoka kwa tangi."

"Na tangi linajazwa na nini?"

"Lori huleta. Siku hizi borehole imeharibika, wanachota kwa bwawa. Lakini hayo ni ya kuosha sahani tu."

Nilimwona mwenye hoteli uso ukimbadilika, maskini, maana hakuwa mtu mbaya. Susu alinipokonya glasi watu wote wakitazama. "Maji umechemsha vizuri," akamwambia, "halafu ukayatilia maji ya ng'ombe."

Nilimchukia susu dakika hiyo, nakwambia ukweli. Yule bwana naye kwa aibu akakimbilia friji, akaingiza mkono kuitoa barafu yote. Sasa ile mashine ina vidole vyake vya kusukuma barafu, na huwa havingoji kuambiwa. Vikazunguka vikambana. Alipiga kelele mpaka madereva wakasimama. Susu ndiye aliyechomoa plagi ukutani.

Hatukufika Voi siku hiyo. Jioni tumbo lilianza kuniendesha, nikalazwa kwa kliniki nimewekewa maji ya mshipa. Wewe ulikuwa umetulia, huchezi. Niliweka mikono tumboni nikangoja, na susu naye akaweka yake juu ya yangu. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa vile sijaogopa tena. Kulipopambazuka ukapiga teke, susu akalia machozi, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata matangani.

Sasa sikia. Sikukatazi friji yako, ni nzuri na mmeitolea jasho. Lakini fuata ule mrija kwa mkono wako mpaka uone unakoishia, usiambiwe tu na fundi. Hapo mjini Wote najua mna tangi, na tangi nalishuku. Kama ni hilo, funga ule mrija, chemsha maji, yapoe, ugandishe kwa trei. Baridi haiui uchafu, inauweka tu. Na kama maji ni safi, barafu ya kwanza kwanza bado umwage, imeosha mabomba mapya. Bomba likikauka, zima hiyo mashine ya barafu isijizungukie bure. Barafu ikikaa ikanuka, usiionee huruma. Na mkono usiingie humo kabla ya plagi kutoka ukutani, wako wala wa mtu mwingine. Huyo mtoto usimwinue akaangalie inavyoporomoka, hata akilia. Na asinyonye vipande, vinakaba koo.

Jumapili nikija baada ya kanisa, nitauliza maji yametoka wapi kabla sijakaa. Usione aibu mbele ya mume wako. Nijibu tu.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Isikose maji, na isikose mtoto wa kuyanywa.