Tumbaku Hadi Nyuma ya Jiko

Jumanne, katika duka la pembejeo hapa Mpanda, mama mmoja wa Katumba, makazi ya waliokimbia kutoka Burundi, aliweka kwenye kaunta pakiti ya mbegu ya mahindi. Mumewe akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, kama anayefukuza inzi.

"Mwaka huu shamba lote ni tumbaku," alimwambia muuzaji.

"Hata pale nyuma ya jiko?" mkewe aliuliza.

"Hata pale."

"Basi njaa ikija, watoto utawachemshia tumbaku."

Muuzaji alicheka. Mume hakucheka. "Mama watoto, mahindi hayalipi ada."

Mama aliivuta pakiti, akaifunika kwa kiganja. "Babu yako kule Burundi, Wabelgiji walimlimisha kahawa kwa kiboko, hata maharage yakakosa pa kupandwa. Umenisimulia mwenyewe. Sasa wewe, nani anakuchapa?"

Mume aligeuka kutazama mlangoni, kana kwamba mwenye kiboko amesimama pale.

Nami, niliyekuwa nyuma yao nikisubiri zamu yangu, niligeuka. Hapakuwa na mtu. Ada yangu ililipwa na tumbaku ya baba, na kila masika sisi wakulima tulipanga foleni kununua unga. Chuoni niliandika kwamba uchumi wa kikoloni ulikwisha tulipopata uhuru, nikapewa alama nzuri.

"Haya," mume alisema hatimaye. "Nyuma ya jiko tu."

Mama aliitumbukiza pakiti kikapuni haraka, kabla mumewe hajatazama tena mlangoni.