Bodi Nyeupe ya Lori la Sila

Mwaka 1954 Sila Sanga, Mkinga aliyehamia Njombe, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Makambako. Kutoka Njombe alipeleka Makambako magome ya miwati, ya kulainishia ngozi, akarudi na magunia ya chumvi na abiria juu yake. Bodi ya lori ilikuwa ya alumini, nyepesi, imebanwa kwa misumari ya ribiti kwenye fremu ya chuma. Watu waliisifu kwamba haishiki kutu.

Asubuhi moja ya masika, kabla ya kuondoka Makambako, Sila aliona unga mweupe kwenye maungio. Akadhani ni chumvi. Alipoukwangua kwa bisibisi, ncha ikazama ndani ya bati kama kwenye kiazi kilichooza.

Akamwita fundi Hezekia, ambaye alipapasa chini ya bodi kwa muda.

"Alumini na chuma zikigusana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa," alisema. "Huku ndani imekwisha."

"Itafika Njombe?"

"Mimi nisingempandisha mke wangu."

Hulda, mke wa Sila, alishaketi juu ya magunia, mtoto wao Jeni mgongoni. Sila akamwendea tajiri.

"Mzigo unasubiriwa," tajiri alisema. "Ukiogopa nipe ufunguo, wapo madereva wengine."

Sila akaubana ufunguo kiganjani. Dereva mwingine asingejua pa kupunguza mwendo. Akapanda mwenyewe, akawasha lori.

Njiani jasho lilimtoka ingawa baridi ilikuwa kali. Kwenye kila shimo, bodi ililia nyuma yake. Abiria walikuwa wanaimba. Juu ya mteremko, ndani ya ukungu, alisikia kitu kikikatika. Akasimama.

"Shukeni wote. Msiegemee ubavu wa bodi."

"Kuna nini, Baba Jeni?"

"Shuka kwanza, Mama Jeni."

Walishuka mvuani wakinung'unika. Sila akaanza kuteremka peke yake, taratibu. Kwenye kona ubavu mzima ukachanika kutoka kwenye fremu, magunia yakaporomokea korongoni. Lori likayumba, likasimama ukingoni.

Hulda alipomfikia, Sila alikuwa bado ameshika usukani. Alimbandua vidole kimoja kimoja.

Tajiri alimfukuza. Sila akalima viazi kijijini Uwemba, wala hakuendesha tena. Lori lenye watu likipita barabarani, aliacha kulima akasimama kusikiliza, mpaka mlio wake upotee.