Kibaraza Kinachotazamana na Mkahawa

Mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, wala sioni haya kulisema. Wengine wakiudhiwa hulala, wakaamka wamesahau. Mimi nikilala na uchungu, naamka naukuta umeshanawa uso, unaningoja.

Mkahawa wenyewe uko Mji Mkongwe, katika kichochoro chembamba, ukitazamana na nyumba ya mama yangu mkubwa. Kila Ijumaa tunatoka kwetu Tunguu kwenda kumwamkia, na binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, alizoea kukaa kibarazani akiwatazama watu wanaoingia kula. Alinisumbua mwaka mzima. Anataka kukaa kwenye vile viti, anataka juisi yenye kimwavuli juu. Alipomaliza darasa la maandalizi nikasema basi, leo tutaingia. Nikamvalisha gauni la Sikukuu, nikambeba mdogo wake wa miaka miwili, tukaingia baada ya sala ya Ijumaa, tukapewa meza ya mlangoni, penye upepo.

Kwetu mtoto hufundishwa kukaribisha kabla hajajua kushika kijiko. Ukiwa unakula na mtu akapita, unamwambia karibu, hata kama ulichonacho ni nusu ya muhogo. Mpitaji hujibu "Starehe" akaendelea na njia yake, au hukaa akamega tonge moja ili asikuvunje moyo. Binti yangu alilijua hilo vizuri mno. Chakula kilipofika, kila mgeni aliyepita ubavuni mwetu kwenda mezani kwake alikaribishwa, kwa sauti, mdomo umejaa wali. Wazungu wawili walicheka wakampungia mkono. Mmoja alichukua chipsi kweli.

Ndipo akaja mwenye mkahawa, mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa hariri. Angekuwa mgeni ningemwachia. Alikuwa mtu wa hapahapa, na alisema nami kwa Kiunguja safi.

"Dada, mwambie mtoto anyamaze. Wageni wanakuja kupumzika, hawaji kupigiwa makelele."

"Anawakaribisha chakula, bibie. Makelele yako wapi?"

"Hapa si uwanjani kwenu."

Akatuhamisha. Sahani zetu zilibebwa hadi kwenye kimeza cha nyuma, baina ya mlango wa jikoni na mlango wa choo. Meza yetu ilifutwa, ikapewa familia ya kigeni yenye watoto watatu waliokuwa wakigongagonga vijiko. Wale hawakuambiwa neno. Ningeweza kuondoka, lakini binti yangu alikuwa hajaletewa juisi yake. Ilipoletwa, hakuinywa.

Kilichoniunguza si meza. Ni kwamba tangu siku ile mtoto aliacha kukaribisha. Akipewa chakula anageukia ukuta, anakula haraka haraka. Siku moja jirani alipita uani kwetu, mtoto anakula embe. Nikamwambia karibisha watu, mwanangu. Akatikisa kichwa.

"Watatuhamisha," akasema.

Nililia, tena kwa hasira. Nikaapa kwamba karibu ya mwanangu itarudi, na itarudi palepale ilipopotea, yule mwanamke akiona kwa macho yake mawili.

Mama mkubwa hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa na yake na mkahawa ule, kwani moshi wa jikoni kwao ulikuwa ukimwingilia chumbani. Ijumaa iliyofuata nilitandika mkeka kibarazani, nikaweka jiko, nikaanza kukaanga katlesi saa ileile ambayo wageni huja kula. Sufuria ya urojo, bajia, chatne ya nazi, mkate wa kumimina. Tukala. Kila aliyeelekea mkahawani nilimwambia karibu, na nilimaanisha. Wakidhani nauza, waliuliza bei. Nikawaambia hapauzwi kitu hapa, kaeni tu. Wakakaa! Wakala, wakashiba, kisha wakaingia mkahawani kuagiza chupa ya maji. Nilimwona mwenye mkahawa amesimama mlangoni, ameshika orodha zake za vyakula kifuani, hajui azipeleke wapi. Siwezi kusema uongo, nilisikia raha hadi kwenye vidole vya miguu.

Ijumaa ya kwanza binti yangu alikaa amekipa mgongo kichochoro. Ya pili, mdogo wake ndiye aliyeanza, "Kaibu! Kaibu!", na kila aliyeitwa akacheka. Ya tatu, bibi mmoja wa kigeni mwenye mkongojo alisimama mbele yetu apumzike. Binti yangu akageuka taratibu, akasogeza sahani yake.

"Karibu," alisema, kwa sauti ndogo.

Yule bibi akakaa. Mimi nikajifanya nageuza bajia.

Hapo ndipo ningepaswa kukunja mkeka wangu. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata. Lakini bado nilikuwa na njaa ya kumkomoa yule mwanamke. Nilimsema njia nzima ya kurudi Tunguu, nikamsema jikoni, nikamsema nikiwakogesha watoto. Hafai, hana adabu, hana haya. Watoto walisikia yote.

Ijumaa ya nne alivuka kichochoro. Mama mkubwa alikuwa ndani anasali. Mwanamke alisimama ukingoni mwa mkeka wetu, mtandio umemlegea, na nyuma yake meza zote zilikuwa tupu.

"Dada," akasema, "nshaelewa. Basi, imetosha."

Nikaendelea kukaanga. Akatazama chakula, akatazama chini. Alikuwa anangoja, na nilijua anangoja nini. Hakuna mtu wa kisiwa hiki anayeachwa amesimama juu ya sahani za watu bila kukaribishwa, hata awe adui. Neno lenyewe ni moja tu. Nililiuma kwa meno.

Binti yangu akanitazama, anauliza kwa macho kama huyu naye. Nikatikisa kichwa. Kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

Mdogo wake hakuwa na habari. Alikwishavuta pumzi, amenyoosha mkono wenye katlesi kuelekea kwa mgeni. "Ka—" akaanza. Dada yake akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, akakaza hadi macho ya mtoto yakatoka pima.

Mwanamke akaona.

"Starehe," akasema, akiijibu karibu ambayo hakupewa, akarudi kwake taratibu.

Niliubandua mkono wa binti yangu mdomoni mwa mdogo wake. Mtoto akaangua kilio. Dada yake hakumwangalia. Alikuwa ananitazama mimi, uso umemng'aa, anangoja nimsifu.