Chuma na Karatasi ya Tatu

Mwanamke waliyemwita Chuma alishona kola za mashati ya shule kwa miaka kumi na mmoja, kwenye cherehani ya dirishani, nzuri kuliko zote katika chumba cha kushonea kiwandani. Na mle chumbani kulikuwa na sheria moja ya kijinga, tena haikuandikwa popote: ukiacha kiti zaidi ya dakika tano, ni cha atakayekiwahi. Basi watu wazima na akili zao walikula papo hapo, mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwenye viazi vya kukaanga, chupa ya soda katikati ya mapaja.

Tumbo likaanza kumsokota Chuma. Vidole vikavimba asubuhi, kichwa kikagonga, usingizi ukamhama. Daktari wa kiwanda akampima damu, akampima mkojo, hakuona kitu, akaandika: mawazo. Mara ya pili, mawazo tena. Msimamizi akasema karatasi ya tatu ikija hivyo, Chuma aage kabisa, kiwanda si mahali pa kutunzia wenye mawazo. Alaa! Kana kwamba yeye hana!

Chuma akarudi kwa daktari amekunja uso.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, daktari. Mimi naumwa."

"Sijasema unadanganya, mama. Mawazo yanaumiza mwili kweli."

"Sawa. Umewahi kuniuliza ninakula nini?"

Daktari akaweka kalamu chini. Hakuwahi. Alipouliza, Chuma alimtajia bila aibu: soda asubuhi, viazi vya mafuta yaliyorudiwa tangu juzi, biskuti, soda tena. Daktari akamwambia kula hivyo kila siku kunaweza kuufanya mwili ufukute ndani kwa ndani, na mwili ukifukuta moyo nao hukosa raha, na moyo ukikosa raha tumbo huzidi kuuma.

"Siwezi kukuahidi kupona. Jaribu mwezi mmoja. Maharage, mboga, matunda, maji. Na ule umetulia."

Karatasi ya tatu ikaandikwa: ale nje ya chumba cha kazi, nusu saa. Msimamizi aliisoma akacheka.

"Nusu saa utapata. Kiti sikulindii."

"Potelea mbali kiti!"

Kesho yake mchana Chuma akainuka na bakuli lake, akakaa kwenye ngazi za nje, akatafuna taratibu. Aliporudi, shoga yake wa miaka yote, aliyekaa naye bega kwa bega, ameshahamia dirishani wala hamtazami. Iliuma, tusidanganyane. Akaenda kwenye cherehani mbovu ya karibu na choo, ile inayokata uzi kila mara. Mchana uliofuata akainuka tena, na uliofuata. Alijikaza kisabuni.

Mwezi ulipoisha vidole vilikunjika vizuri, na usingizi ulikuwa umerudi. Nyumbani tumbo lilitulia. Kazini bado lilimsokota kila aliposikia viatu vya msimamizi, na siku hiyo vilikuja vikasimama mbele yake.

"Haya Chuma, maharage yako yamekuponya?"

Cherehani zikanyamaza moja moja. Hakuna aliyetaka kupitwa.

"Nusu, bosi," Chuma akasema, akichukua bakuli lake na kusimama. "Nusu ilikuwa chakula. Nusu iliyobaki ni wewe."

Akampita, akatoka kwenda kula.